Ugezi wa Skrini na Uaminifu wa Picha: Utaratibu wa Kutafuta Chanzo cha Makosa ya Rangi, kwa Kuzingatia Mazingira ya Mibirizi, Wilaya ya Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mpiga picha anavyoweza kutambua chanzo cha makosa ya rangi na mwangaza yanayojitokeza wakati wa kuhariri picha. Hoja kuu ni kwamba picha haipaswi kusahihishwa kabla ya kuthibitisha uzima wa skrini inayoitazamisha, kwa kuwa sahihisho linalofanywa kwenye skrini yenye kasoro huihamishia kasoro hiyo ndani ya faili. Makala yanaeleza dhana za msingi, yanaonyesha kwa hesabu sababu inayofanya nyuso za watu weusi ziathirike kabla ya vitu vingine, na yanapendekeza hatua tano za uchunguzi: chumba, skrini, wasifu, faili na karatasi. Mazingira ya Mibirizi yametumiwa kama mfano wa mahali ambapo vifaa ni vichache lakini thamani ya picha ni kubwa, hususan picha za familia zilizosalia baada ya mwaka 1994. Mapendekezo yanahusu vyuo vya ufundi, hifadhi za nyaraka na waundaji wa istilahi za Kiswahili.

Maneno muhimu: ugezi, skrini, wasifu wa rangi, uhariri wa picha, picha kongwe, Rusizi

1.0 Utangulizi

Mibirizi iko katika Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Cyangugu. Misheni ya Kikatoliki ya hapo ilianzishwa mwaka 1903, na jina la mahali hapo limevuka mipaka ya nchi kupitia kahawa, kwani mojawapo ya aina za arabika huitwa Mibirizi. Mkulima wa kahawa anayepeleka matunda yake kuuzwa hana haja ya kufundishwa umuhimu wa kipimo. Anajua kwamba mizani ikiwa mbovu, jasho la msimu mzima hupotea pale pale kituoni, na kwamba kubishana na karani hakusaidii iwapo hakuna jiwe la uzani unaojulikana la kuijaribia mizani hiyo.

Skrini ni mizani ya mhariri wa picha. Kila uamuzi anaoufanya, iwe ni kuongeza mwanga, kupunguza wekundu au kulainisha kivuli, hupimwa kwa kile anachokiona kwenye kioo kilicho mbele yake. Hata hivyo, mizani ya kahawa hukaguliwa, ilhali skrini ya studio hununuliwa, huwashwa na kuaminiwa mpaka itakapokufa. Matokeo yake ni malalamiko yanayofahamika kwa kila mwenye studio: picha iliyokuwa nzuri kwenye kompyuta imetoka nyeusi kwenye karatasi; bibi arusi ana uso wa kijani; gauni jeupe limegeuka buluu kwenye simu ya mteja.

Makala haya yanachukulia malalamiko hayo kuwa ni tatizo la upimaji kabla hayajawa tatizo la ustadi. Uzito wake unazidi suala la biashara. Parokia ya Mibirizi ni miongoni mwa mahali ambapo watu waliokimbilia usalama waliuawa wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Familia iliyopoteza watu na nyumba mara nyingi hubaki na picha moja tu, iliyofifia na kukunjika. Picha hiyo inapoletwa studio ili ikuzwe na kuponywa, hakuna aliye hai anayeweza kukaa tena mbele ya kamera iwapo rangi ya uso wake itakosewa.

2.0 Dhana za msingi

2.1 Picha ni namba

Faili ya picha haina rangi. Ina namba. Katika picha ya kawaida ya kidijitali, kila nukta, yaani pikseli, hubeba namba tatu, moja kwa ajili ya nyekundu, moja kwa kijani na moja kwa buluu, na kila namba huwa kati ya 0 na 255. Namba hizo hupata maana ya rangi pale tu panapokuwa na makubaliano kuhusu namna ya kuzisoma. Makubaliano yaliyoenea zaidi ni sRGB, yaliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Ndani yake, weupe umewekwa kwenye joto-rangi la takriban kelvini 6500, na uhusiano kati ya namba na mwangaza hufuata mkunjo unaokaribiana na ule uitwao gama 2.2.

Skrini isiyotimiza makubaliano hayo huzisoma namba zilezile kwa lafudhi yake. Namba hazijabadilika, msomaji ndiye aliyebadilika. Tofauti hii kati ya namba na usomaji wake ndiyo msingi wa uchunguzi wote unaoelezwa katika sehemu ya nne.

2.2 Ugezi na wasifu

Makala haya yanatumia neno ugezi, linalotokana na kitenzi geza, kwa maana ya kulinganisha usomaji wa kifaa na kiwango kinachojulikana. Kuifanyia skrini ugezi ni kuiweka katika hali maalumu: mwangaza, weupe na mkunjo wa gama uliochaguliwa. Kuandaa wasifu wa rangi ni kazi nyingine inayofuata, nayo ni kuandika katika faili ndogo jinsi skrini inavyozionyesha rangi ikiwa katika hali hiyo, ili programu ya uhariri iweze kufidia upungufu wake.

Watu wengi huzichanganya kazi hizi mbili. Wasifu ulioandaliwa leo haufai tena iwapo kesho mtu atapandisha mwangaza wa skrini, kwa sababu hali iliyoelezwa na wasifu huo haipo tena. Aidha, hakuna ugezi unaoweza kuongeza rangi ambazo kioo hakina. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu haziwezi kuonyesha rangi zote za sRGB, na ugezi utazifanya zionyeshe kwa uaminifu zile chache zilizo ndani ya uwezo wao.

3.0 Kwa nini uso mweusi huumia kwanza

Teknolojia ya picha haikuanza kwa kuzingatia nyuso za Waafrika. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha filamu zilirekebisha mitambo yao kwa kutumia kadi za rejea zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeupe ikionekana sawa, mtambo ulihesabiwa kuwa uko sawa. Filamu na kadi hizo zimepita, lakini hasara inayofanana na ile huweza kurudi kupitia mlango wa skrini, kama hesabu ifuatayo inavyoonyesha.

Tuseme sehemu ya uso iliyopigwa na nuru inaakisi asilimia 10 ya mwanga unaoifikia, na upande wa kivulini unarudisha mwanga sawa na asilimia 2.5. Katika sRGB, sehemu ya kwanza hupata namba 89 na ya pili namba 44. Kati yake kuna hatua 45 za kueleza shavu, taya, mkunjo wa jicho na umri. Sasa tuseme skrini imeachwa kwenye mwangaza mkali kupita kiasi, na mhariri, akiona picha imepauka, anapunguza mwanga wake kwa nusu. Namba zinashuka kuwa 63 na 29. Hatua zilizobaki ni 34. Takriban robo ya maelezo ya uso imepotea, na picha inapofika kwenye karatasi, ambayo haitoi nuru yake yenyewe, upande wa kivuli hugeuka kuwa doa.

Shati jeupe katika picha hiyohiyo huenda lisionekane kuwa na tatizo lolote. Ndiyo maana mhariri anayetazama picha kwa ujumla huridhika, na mteja anayemtafuta mtu wake ndani ya picha huondoka na huzuni. Studio inayowahudumia watu weusi, kwa hiyo, ina sababu kubwa zaidi ya kufanya ugezi kuliko wale waliotungiwa teknolojia hii hapo mwanzo.

4.0 Utaratibu wa kutafuta chanzo

Kanuni ya utaratibu huu ni moja: anza mbali na faili, kisha ikaribie. Kila hatua ithibitishwe kabla ya kwenda kwenye inayofuata, na kitelezi chochote cha programu kisiguswe mpaka hatua ya nne.

4.1 Chumba

Macho huihukumu rangi kwa kuilinganisha na yaliyo jirani. Chumba chenye kuta za buluu, au mlango ulio wazi kuelekea barabarani, hubadilisha picha kila wingu linapopita. Mhariri akae mahali ambapo nuru haipigi kioo moja kwa moja, ukuta ulio nyuma ya skrini uwe na rangi tulivu, ikiwezekana kijivu, na taa itumike ileile kila siku. Jaribio lake ni rahisi: picha itazamwe asubuhi na jioni bila kubadilishwa. Ikionekana tofauti, kosa halijafika kwenye kompyuta bado.

4.2 Skrini

Kwanza zizimwe huduma zinazobadilisha kioo zenyewe. Ya hatari zaidi ni hali ya usiku, ambayo huongeza umanjano ili kupumzisha macho. Mibirizi iko karibu na ikweta, na jua huzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima. Kompyuta iliyopangwa kufuata machweo itageuza rangi saa hiyo kila siku, wakati ambapo kazi za mwisho za wateja ndizo zinazoharakishwa. Huduma ya pili ni ile inayopunguza mwangaza umeme unapokatika na kompyuta kuhamia kwenye betri. Picha iliyoanza kuhaririwa kabla ya umeme kukatika na kumalizwa baadaye huwa imepimwa kwa mizani mbili.

Baada ya hapo skrini iachwe iwake kwa nusu saa ndipo ipimwe. Kipimarangi, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo, husoma mabaka ya rangi yanayoonyeshwa na programu yake na kuyalinganisha na thamani zinazotakiwa. Kwa kazi ya kuchapwa, mwangaza wa kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba hufaa katika chumba chenye nuru ya wastani, pamoja na weupe wa kelvini 6500 na gama 2.2. Zipo programu huria zisizolipiwa, kama ArgyllCMS na DisplayCAL, zinazofanya kazi na vipimarangi vya aina nyingi. Ugezi urudiwe kila mwezi au kila baada ya miezi michache, kwa kuwa taa ya ndani ya skrini huchakaa.

Asiye na kipimarangi asikate tamaa, ila ajue mpaka wa macho yake. Aandae ngazi ya mabaka ya kijivu kuanzia namba 0 hadi 255, kila baka likiwa na namba tatu zilizo sawa. Kijivu cha namba sawa hakina rangi kwa ufafanuzi wake. Kikionekana chekundu au buluu, kasoro iko kwenye skrini au chumbani. Mabaka ya giza yakimezana, mwangaza au utofautishaji umewekwa vibaya. Pia ainue na kuinamisha kioo: kijivu kikibadilika sana kwa pembe, skrini hiyo itumike kwa kukaa mahali pamoja tu, na isitegemewe kwa maamuzi ya mwisho kuhusu vivuli.

4.3 Wasifu

Ikiwa skrini ni nzima lakini faili moja inaonekana tofauti katika programu mbili zilizo kwenye kompyuta ileile, tatizo ni usomaji wa wasifu. Programu moja inaufuata, nyingine inaupuuza. Kisa cha kawaida ni picha iliyohifadhiwa katika eneo pana la Adobe RGB na kufunguliwa mahali panapodhani kila faili ni sRGB: rangi hufifia na ngozi hupata ukijivu. Tiba ni kubadilisha faili kuwa sRGB kabla ya kumpa mteja au kuituma kuchapwa. Kubadilisha huandika upya namba ili rangi ibaki vilevile. Kupachika jina jipya la wasifu bila kubadilisha namba huiacha namba kama ilivyo na kuibadilisha rangi. Kuchanganya amri hizi mbili ni chanzo cha hasara nyingi.

4.4 Faili

Sasa faili inaweza kuhojiwa. Zana ya kusoma namba, ambayo iko karibu katika kila programu ya uhariri, iwekwe juu ya kitu kinachojulikana kuwa cheupe au kijivu ndani ya picha. Namba tatu zikitofautiana sana, picha ilipigwa na rangi isiyo sahihi, pengine kwa sababu nuru ya dirishani ilichanganyika na ya taa. Namba zikikaribiana ilhali jicho linaona rangi, mhariri arudi kwenye hatua ya 4.1 na 4.2. Kuzuia ni bora kuliko kutibu: kadi ya kijivu ipigwe picha moja mwanzoni mwa kila kazi, na kamera ihifadhi faili ghafi, ambayo huruhusu ulinganifu wa weupe kurekebishwa baadaye bila kuharibu picha.

4.5 Karatasi

Karatasi ndiyo shahidi wa mwisho, lakini naye huhojiwa. Picha nzima ikiwa na wekundu au mistari, tundu za wino za printa zikaguliwe kwanza kwa ukurasa wa majaribio. Kisha ithibitishwe kuwa wasifu uliochaguliwa ni wa karatasi inayotumika, na kwamba rangi inasimamiwa mahali pamoja, ama kwenye programu au kwenye printa, kwani zikisimamiwa kote kuwili hurekebishwa mara mbili. Ulinganishi ufanywe chini ya nuru inayojulikana. Kiwango cha kimataifa cha kutazamia picha zilizochapwa hutumia takriban kelvini 5000.

Kosa moja linastahili onyo maalumu. Mhariri akipata chapa mbaya, hushawishika kuipotosha skrini ili ifanane nayo. Akifanya hivyo ameiharibu mizani kwa sababu ya gunia moja, na kila kazi itakayofuata itabeba upotovu huo. Njia salama ni kuwa na picha ya rejea: faili isiyobadilishwa kamwe, iliyo na nyuso za watu weusi wa viwango mbalimbali, itakayochapwa kila mara studio inapobadilisha wino, karatasi au mchapaji, awe Kamembe, Kigali au Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi.

5.0 Picha kongwe na mipaka ya kuponya

Picha za rangi za zamani hufifia bila usawa. Katika karatasi nyingi za miongo iliyopita, rangi ya sayani ndiyo hufifia mapema zaidi picha inapokaa gizani ndani ya albamu au sanduku, na picha huelekea wekundu. Mhariri anayeiponya hulazimika kukisia kiasi cha rangi kilichopotea. Ikiwa skrini yake ina weupe unaoelekea buluu, atauona wekundu ukiwa mdogo kuliko ulivyo, ataacha sehemu yake, na pengine ataongeza umanjano ili kuupoza ubuluu ambao haumo kwenye picha. Mtu aliyekuwa maji ya kunde atatoka mwekundu, na watoto waliozaliwa baada yake watamkumbuka hivyo.

Ugezi hauwezi kurudisha kilichofutika, lakini unamzuia mhariri kuongeza uzushi juu ya upotevu. Kwa sababu hiyo kazi ya kuponya ifuate masharti matatu. Kwanza, nakala ya kwanza iliyotoka kwenye skana ihifadhiwe bila kuguswa, hata kama inaonekana mbaya. Pili, marekebisho yafanywe kwenye nakala nyingine, na maelezo mafupi yaandikwe: tarehe, skrini iliyotumika, na lini ilifanyiwa ugezi. Tatu, jamaa wanaomkumbuka mtu huyo waulizwe mbele ya chapa, chini ya nuru nzuri, badala ya mbele ya kioo. Kumbukumbu yao ni ushahidi, na unastahili kutazamishwa kitu kilichopimwa.

6.0 Athari kwa utafiti na sera

Yaliyosemwa kuhusu uso yanahusu pia jani na tunda. Mtafiti wa kilimo anayetumia picha kutambua kutu ya majani ya kahawa hutegemea madoa ya manjano na rangi ya chungwa, na anayepima ukomavu wa matunda hutegemea wekundu. Picha zilizopigwa na kutazamwa bila kiwango haziwezi kulinganishwa kati ya msimu na msimu. Kadi ya rejea yenye mabaka 24, ambayo mojawapo liliwekwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, imekuwapo tangu mwaka 1976. Kuiweka ndani ya fremu ya kwanza ya kila upigaji hugharimu sekunde chache.

Mapendekezo manne yanatokana na mjadala huu. Kwanza, kipimarangi kimoja kinatosha studio nyingi, kwa kuwa hutumika kwa muda mfupi na hurudi baada ya wiki kadhaa. Ushirika wa wapiga picha, au chuo cha ufundi kilicho karibu, unaweza kukimiliki na kukiazimisha kama jiwe la uzani. Pili, mitaala ya ufundi wa picha ianze na upimaji kabla ya vitelezi. Mwanafunzi asiyejua hali ya skrini yake hufundishwa kubahatisha kwa ustadi. Tatu, taasisi zinazoweka picha za kihistoria katika mfumo wa kidijitali ziandike sharti la ugezi katika mikataba yao na kudai nakala ghafi. Skrini za kutazamia matokeo zichaguliwe kwa uwezo wake wa rangi, si kwa ukubwa wa kioo pekee.

Pendekezo la nne ni la lugha. Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na katika Rusizi kina kazi ya kila siku kwa sababu ya biashara na Bukavu. Fundi anayevuka mpaka na faili mkononi anahitaji kumwambia mchapaji, kwa maneno yenye maana moja, kwamba picha imebadilishwa kuwa sRGB na kwamba skrini yake imefanyiwa ugezi. Maneno yakikosekana, kila upande humlaumu mwenzake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha yangeweza kukusanya msamiati huu mdogo pamoja na mafundi wenyewe, kabla ya kila karakana kujitungia wake.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba makosa mengi yanayodhaniwa kuwa ya uhariri huzaliwa nje ya faili, na kwamba mpangilio wa uchunguzi una thamani kuliko wingi wa zana. Chumba, skrini, wasifu, faili, karatasi: anayefuata safari hiyo huacha kutibu ugonjwa asioujua. Gharama kubwa ya utaratibu huu ni nidhamu, na sehemu yake kubwa inawezekana leo Mibirizi kwa pazia, taa moja isiyobadilika, ngazi ya kijivu na hali ya usiku iliyozimwa. Kipimarangi cha kuazimana kitakamilisha yaliyobaki. Mwenye kuleta picha pekee ya mzazi wake haulizi habari za kelvini wala gama. Anachodai ni kwamba uso atakaorudishiwa uwe ule aliouleta.